SOMO LETU: TANGI LA MAJI LINALOVUJA MELINI



Somo la leo linatoka ziwani. Tutajifunza jinsi ya kuziba tangi la maji ya kunywa ndani ya meli ndogo ya mizigo. Baadhi yenu mtauliza: sisi ni watu wa kiwanda cha chai, sisi ni watu wa mashamba ya miwa na ya michikichi, meli inatuhusu nini? Jibu ni fupi. Tangi ni tangi. Tangi la maji katika kambi ya wafanyakazi wa shamba, tangi la molasi katika kiwanda cha sukari, tangi la mawese, tangi la meli, yote yanaliwa na kutu ileile, na yote yanaweza kumwua mtu kwa njia ileile. Anayejua moja ameyajua yote.

Someni somo hili pamoja, kikundi kwa kikundi. Asiyejua kusoma asomewe. Mwishoni tumeweka maswali ya kujadiliana.

1. HABARI YENYEWE

Miaka kadhaa iliyopita baadhi yetu tulikuwa mabaharia katika meli moja ya mizigo ya Ziwa Tanganyika. Hatutaji jina la meli wala la mwenyewe, maana shabaha yetu ni kufundishana. Ilikuwa meli ya chuma, ikibeba saruji, sukari na chumvi kati ya Bujumbura, Kigoma, Kalemie na Mpulungu. Tulikuwa watu 12. Chini ya sitaha ya nyuma palikuwa na tangi la maji ya kunywa, urefu wake mita 2, upana mita 1 na kimo mita 1. Maana yake tangi lilichukua lita 2000, na lilipojaa maji yake yalikuwa na uzito wa tani 2.

Usiku mmoja mtu wa zamu aliona kwamba maji ya ngama yanajaa upesi kuliko kawaida. Siku ya tatu, maji ya tangi yalipopungua, mpishi akalalamika kwamba chai inanuka mafuta. Tulipofika bandarini tangi likamwagwa maji na kufungwa. Tukawa tunanunua maji kwa madumu, kwa pesa zetu wenyewe. Mwenye chombo alisema fundi ataletwa. Majuma matano yakapita bila fundi.

Kisha shehena ikapatikana. Mwenye chombo akaja asubuhi na kusema, "Tangi lizibwe leo, saa sita tunang'oa nanga." Kijana mmoja wetu, fundi wa kuchomelea, alifungua kifuniko, akashika taa, akatia mguu ndani. Serahangi, ambaye alikuwa mzee wetu, akamkamata shati.

"Mwanangu, tangi hili limefungwa kwa muda gani?"

"Majuma matano, mzee. Lakini halina kitu ndani, ni tupu."

"Hilo tupu ndilo ninaloliogopa," akasema serahangi.

Tutarudi kwa kijana huyu baadaye. Kwanza tupige hesabu.

2. KWA NINI TUNDU DOGO NI JAMBO KUBWA

Watu hudharau tone. Tuchukue koki inayodondosha tone moja kila sekunde. Matone 20 hivi hufanya mililita moja. Siku moja ina sekunde 86,400. Kwa hiyo koki ile inapoteza zaidi ya lita 4 kwa siku. Hayo ni maji ya mtu mmoja ya kunywa, na mengine yakabaki.

Sasa tuchukue tundu linalojaza kikombe cha nusu lita kwa dakika 10. Kwa saa moja ni lita 3. Kwa siku moja ni lita 72. Sisi watu 12, kila mmoja akipewa lita 5 za kunywa na kupikia, tulihitaji lita 60. Basi tundu lisilopita upana wa msumari lilikunywa kuliko mabaharia wote kwa pamoja.

Lakini hasara ya maji si jambo baya kuliko yote. Jambo baya zaidi ni hili: tundu linalotoa maji linaweza pia kuingiza uchafu. Tangi likijaa, maji ya ndani yanasukuma nje. Tangi likipungua mpaka maji ya ndani yawe chini kuliko maji ya ngama yaliyo nje, mwendo unageuka. Maji machafu ya ngama, yenye dizeli, grisi na kila kinachomwagika, yanaingia katika maji ya kunywa. Ndiyo sababu chai yetu ilinuka siku ya tatu na si siku ya kwanza.

Tulishukuru kwamba ilikuwa dizeli, maana dizeli ina harufu. Kipindupindu hakina harufu. Miji ya kando ya ziwa letu, kama Uvira na Kalemie, imeteswa na kipindupindu mara nyingi. Mtu asiyejua husema, "Maji yako tele chini ya meli, kwa nini tangi?" Tangi lipo kwa sababu maji ya ziwa karibu na bandari na vijiji hayanyweki bila kutiwa dawa au kuchemshwa. Maji ya tangi yakichafuka, mabaharia wote wanaugua pamoja, mbali na hospitali.

Hali ni hiyohiyo katika kambi ya shamba. Tangi lililozikwa nusu ardhini, lenye ufa, karibu na vyoo, linavuta maji ya ardhini kila linapopungua. Kapita akisema, "Linavuja kidogo tu," mwulizeni: linavuja kwenda upande gani?

3. KUTAFUTA TUNDU

Fundi mbaya huanza kuziba kabla hajajua anaziba nini. Sisi tuanze kwa kutafuta.

Kwanza, hakikisha kwamba ni tangi linalovuja. Baharini baharia huonja maji ya ngama: yakiwa ya chumvi yametoka nje, yakiwa matamu yametoka tangini. Ziwani kuonja hakusaidii, maana yote ni matamu, na tena maji ya ngama si ya kuonjwa. Tumia kijiti. Jioni funga koki zote, ingiza kijiti safi ndani ya tangi, tia alama. Asubuhi pima tena. Maji yakishuka bila mtu kuchota, tangi au bomba lake linavuja. Njia nyingine ni kutia rangi ya chakula ndani ya tangi na kungoja ionekane katika ngama.

Pili, acha tangi livuje lenyewe na uangalie maji yanasimama wapi. Kama tundu liko ubavuni, maji yatashuka mpaka kimo cha tundu, kisha yatatulia. Kijiti kitakuambia kimo hicho. Kama maji yanakwisha kabisa, tundu liko chini.

Tatu, futa bamba la nje likauke, kisha nyunyiza unga wa chaki. Chaki kavu ni nyeupe. Pale inapogeuka kuwa nyeusinyeusi, hapo ndipo maji yanapotoka. Usidanganywe na mahali yanapodondokea, maana maji hutembea juu ya mataruma na kudondoka mita nzima kutoka kwenye tundu.

Nne, anza na vitu rahisi. Mara nyingi bamba ni zima, na kinachovuja ni mpira wa kifuniko, au kiungo cha bomba, au boliti iliyolegea. Mpira uliokauka na kupasuka utupwe, uwekwe mpya. Boliti za kifuniko zikazwe kwa kukabiliana: hii, kisha ya upande wa pili, kwa zamu. Ukikaza kwa kufuata mzunguko, kifuniko hulala upande mmoja.

Tano, gonga bamba kwa nyundo ndogo, polepole, likiwa tupu. Chuma kizima hulia kama kengele. Chuma kilichooza hutoa sauti ya bati bovu. Weka alama ya chaki kuzunguka sehemu yote mbovu, si tundu peke yake. Mahali palipotoboka leo pamezungukwa na mahali patakapotoboka kesho.

Onyo moja kubwa. Wengine hutafuta tundu kwa kupuliza hewa ya kompresa ndani ya tangi na kupaka povu la sabuni nje. Povu likivimba, hapo pana tundu. Lakini tangi la maji halikutengenezwa kwa hewa ya kompresa. Kanieneo ya bar 0.1 tu, ambayo ni ndogo sana, inasukuma kila mita moja ya mraba ya bamba kwa nguvu kama uzito wa kilo 1000. Kompresa ya kujazia magurudumu ya lori inatoa zaidi ya bar 7. Piga hesabu mwenyewe. Tangi likipasuka kwa maji, maji humwagika na basi. Likipasuka kwa hewa, bamba huruka na kuua. Jaribuni kwa maji.

4. KABLA YA KUINGIA: HEWA

Sasa turudi kwa kijana wetu na mguu wake mmoja ndani ya tangi.

Hewa tunayovuta ina oksijeni kiasi cha asilimia 21. Kutu ni nini? Ni chuma kilichoungana na oksijeni. Chuma chenye unyevu kinapofungiwa ndani ya tangi kinaendelea kufanya kutu, na oksijeni ya kufanyia kutu kinaichukua katika hewa iliyofungwa humo. Siku kwa siku hewa inaliwa. Haina rangi, haina harufu, haichomi koo. Macho yanaona tangi tupu na safi.

Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 19.5, mtu asiingie. Ikiwa kiasi cha asilimia 16, akili inapungua na mtu hatambui kwamba inapungua. Ikiwa kiasi cha asilimia 10, anazimia. Ikiwa asilimia 6, anakufa kwa dakika chache. Hapati muda wa kupiga kelele. Miguu inalegea, anaanguka chini, na huko chini ndiko alikolala.

Kisha inakuja ajali ya pili. Mwenzake anayemwona ameanguka anarukia ndani kumtoa, naye anaanguka juu yake. Wa tatu anafuata. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, ilitangaza mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya watu waliokufa ndani ya mahali palipofungwa namna hii walikuwa waokoaji. Walikufa kwa sababu ya wema wao. Wema bila maarifa haukutosha.

Kutu siyo adui peke yake. Molasi na maganda ya kahawa yakichacha hutoa hewa ya kaboni, ambayo ni nzito na hukaa chini ya tangi. Maji machafu ya kiwanda cha mawese, na mashimo ya vyoo, hutoa hewa yenye harufu ya yai bovu. Hewa hiyo ikizidi inaua pua kwanza: unaacha kuisikia harufu, unadhani imekwisha, kumbe imezidi.

Kwa hiyo sheria za kuingia tangini ni hizi:

(a) Fungueni vifuniko vyote. Pelekeni hewa safi kwa feni na mrija mpana mpaka chini ya tangi, na pawe na tundu jingine la kutokea hewa mbaya. Msitumie kamwe oksijeni ya chupa ya kukatia chuma. Hewa yenye oksijeni nyingi hufanya nguo na nywele ziwake kwa cheche moja.

(b) Pimeni hewa kwa kipima hewa, juu, katikati na chini, kabla mtu hajaingia. Mshumaa si kipimo. Hauonyeshi kila sumu, na pakiwa na mvuke wa mafuta mshumaa ndio utakaowalipua. Pimeni tena kazi ikiendelea.

(c) Fungeni na kuzuia kila bomba linaloingia tangini, na pampu ziwekewe kufuli, ili mtu asifungue maji, mvuke au mafuta wakati wenzake wako ndani.

(d) Anayeingia avae mkanda wenye kamba, na mwisho wa kamba uwe nje.

(e) Mlinzi akae mlangoni muda wote. Kazi yake ni hiyo tu. Haendi kuleta msumari, haendi kunywa chai, na haingii ndani hata mwenzake akianguka. Anavuta kamba na kupiga kelele. Anayeingia kuokoa awe na chombo cha kupumulia.

(f) Taa iwe ya umeme mdogo, volti 24 au chini yake, au taa ya betri. Ndani ya tangi lenye maji mtu mwenyewe ni waya.

Serahangi wetu alituma mtu kuazima kipima hewa katika kiwanda kimoja cha mjini. Tukakishusha kwa kamba. Juu, karibu na mlango, kilisoma 19. Katikati 15. Chini kilisoma 12. Kijana wetu alitazama namba ile, akakaa chini juu ya sitaha, hakusema neno kwa muda mrefu. Tulipopima bomba la kupumulia la tangi tuliona kwamba mdomo wake uliwahi kupakwa rangi na kuzibwa kabisa.

5. KUZIBA KWA MUDA

Mkiwa safarini na tundu limetokea, lazima mzuie. Lakini jueni kwamba dawa ya muda ni ya muda.

Tundu la mviringo huzibwa kwa kigingi cha mti mwororo kilichofungwa kitambaa. Mti ukilowa huvimba na kukaza. Msigonge kwa nguvu penye bamba jembamba, mtafanya tundu dogo kuwa dirisha.

Ufa huzibwa kwa kipande cha mpira, juu yake ubao au bamba, kisha gogo la kukandamizia.

Penye pembe ambapo mpira haulali vizuri, mabaharia wa zamani hutengeneza kisanduku cha saruji. Mnapiga mbao nne kuzunguka mahali panapovuja, mnasafisha chuma, mnamimina zege laini la saruji na mchanga safi, sehemu moja kwa moja. Siri yake ni kuacha mrija mdogo unaopitisha maji kutoka kwenye tundu mpaka nje ya kisanduku. Maji yakiachiwa njia hayaioshi saruji ikiwa mbichi. Saruji ikishakauka, ndipo mnapiga kizibo mdomoni mwa mrija. Tumeona kisanduku cha namna hii kikifikisha meli bandarini bila shida. Pia tumeona mwenye chombo akikiacha miaka miwili huku chuma kinaoza chini yake. Hilo la pili ndilo kosa.

Mbao, matambara na gundi zinazogusa maji ya kunywa ziwe safi. Na maji ya tangi lililozibwa kwa muda yachemshwe kabla ya kunywewa.

6. KUZIBA KWA KUDUMU

Kutu lazima ikwanguliwe mpaka chuma cheupe kionekane. Hakuna gundi wala rangi inayoshika juu ya kutu.

Kama bamba limebaki nene, na tundu ni moja, linaweza kujazwa kwa kuchomelea. Kama bamba limekuwa jembamba, msichomelee juu yake, maana moto utakula ukingo na tundu litapanuka mbele ya macho yenu. Kateni sehemu yote mbovu mpaka mfike kwenye chuma kizima, mweke bamba jipya la unene wa lile la zamani. Pembe za kiraka ziwe za mviringo. Pembe kali ni mwanzo wa ufa, kwa sababu meli ikitikiswa na mawimbi nguvu yote hukusanyika penye kona.

Kabla ya kuwasha moto, ulizeni: nyuma ya bamba hili kuna nini? Katika meli ndogo tangi la maji na tangi la dizeli huweza kuwa majirani, na ukuta wao ni mmoja. Moto wa upande huu unachemsha mafuta ya upande wa pili. Tangi la jirani lisafishwe na kupimwa hewa, au kazi isifanywe. Mtu mwenye kizimia moto asimame pande zote mbili.

Bamba la mabati lina madini ya zinki. Likichomelewa hutoa moshi mweupe, na usiku ule fundi hutetemeka kama mwenye malaria. Rangi za zamani huweza kuwa na risasi, ambayo ni sumu ya damu na ya ubongo. Ikwanguliwe ikiwa imeloweshwa ili vumbi lisiruke, fundi avae kinga ya pua, na uchafu wote utolewe tangini. Mitungi ya gesi ibaki nje. Wakati wa mapumziko mirija ya gesi itolewe tangini, maana mrija unaovuja kwa saa moja ya chakula unageuza tangi kuwa bomu.

Tangi la plastiki ni jambo jingine. Plastiki ya matangi meusi ya siku hizi haishikwi na gundi za kawaida. Hushonwa kwa moto na plastiki ya aina ileile. Chombo cha mbao hutiwa kalafati, lakini tangi la ndani yake lina sheria hizihizi.

7. KUPAKA, KUJARIBU, KUSAFISHA

Ndani ya tangi la maji ya kunywa msipake rangi yoyote mliyonayo. Lami na rangi za kawaida huacha sumu na ladha mbaya. Tumieni rangi ya epoksi iliyoandikwa kwamba inafaa maji ya kunywa, na mngoje siku zote zilizoandikwa mkebeni. Mvuke wa rangi hulevya, na mwingine hulipuka, kwa hiyo feni na mlinzi wabaki palepale. Pasipokuwa na epoksi, mabaharia wa tangu zamani hupaka uji wa saruji. Saruji ina chokaa, na chokaa hulinda chuma. Ni njia ya bei nafuu, lakini lazima irudiwe kila inapobanduka.

Ndugu, msidharau kinga ya chuma. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na Kigoma, lakini mafundi wake waliipaka mitambo grisi kwanza. Ilipoinuliwa mwaka 1924 mitambo ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini. Grisi iliilinda mitambo ile chini ya maji.

Rangi ikikauka, jazeni tangi mpaka juu, liache usiku kucha, futeni nje na kunyunyiza chaki tena. Likiwa kavu asubuhi, kazi imepita.

Mwisho ni dawa. Sugueni ndani, mwageni, kisha jazeni maji pamoja na klorini. Kwa kila lita 1000 za maji tieni lita 1 ya maji ya klorini ya asilimia 5 yasiyo na manukato, au gramu 70 za unga wa klorini wa asilimia 70. Kwa tangi letu la lita 2000 ilikuwa lita 2. Fungueni kila koki mpaka harufu ya klorini itoke, ili mabomba nayo yaoshwe. Acheni usiku mzima. Mwageni, suuzeni, jazeni maji safi. Msichanganye klorini na tindikali wala sabuni za chooni, maana hutoa hewa ya sumu.

8. HAKI YETU

Kazi yetu ilichukua siku tatu badala ya saa tatu. Mwenye chombo alikasirika. Alisema serahangi amemkosesha shehena, na akatangaza kwamba tutakatwa mshahara wa siku zile.

Serahangi hakugombana. Alikuwa ameandika katika daftari: tarehe, saa, majina ya waliokuwepo, na namba tatu, 19, 15, 12. Mwakilishi wetu wa sendika aliweka daftari lile juu ya meza ya mwenye chombo na kuuliza swali moja tu: "Kama kijana angeingia, leo tungekuwa tunazungumza habari ya mshahara wa siku tatu, au habari ya jeneza?" Mshahara ulilipwa. Baadaye kipima hewa kikanunuliwa, na mdomo wa bomba la kupumulia ukasafishwa.

Tujue sheria inasema nini. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1981, unasema kwamba mfanyakazi aliyejitoa katika kazi kwa sababu ya haki ya kuamini kwamba ina hatari kubwa ya papo hapo kwa maisha yake, alindwe asiadhibiwe isivyo haki. Mkataba namba 184 wa mwaka 2001 unawapa wafanyakazi wa mashamba haki ya namna hiyo, nao wamjulishe msimamizi mara moja. Mwezi wa Juni mwaka 2022 Shirika hilo lilitangaza kwamba mahali pa kazi penye usalama na afya ni haki ya msingi ya kila mfanyakazi.

Mabaharia wa bahari kuu wana zaidi. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ulioanza kutumika mwaka 2013, unataka wapewe maji mazuri ya kunywa. Tangu mwaka 2015 sheria za usalama wa meli zinataka mazoezi ya kuingia na kuokoa watu katika mahali palipofungwa kila miezi miwili, na tangu mwaka 2016 meli zibebe vipima hewa. Lakini sheria hizi ni za bahari. Meli zinazotembea ndani ya maziwa tu hazimo. Mapafu ya baharia wa Kalemie hayana tofauti na ya baharia wa Mombasa, lakini karatasi inawatenga. Basi kile ambacho sheria haikutupa, tukidai katika mapatano yetu na waajiri: kipima hewa, feni, mkanda na kamba, mlinzi wa mlango anayelipwa, na maji safi bila kukatwa mshahara. Madumu tuliyonunua kwa majuma matano hatukurudishiwa pesa zake, kwa sababu hayakuandikwa popote. Hilo nalo lilitufundisha.

9. MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja matangi yote mahali unapofanya kazi. Lipi liliingiwa na mtu mara ya mwisho, na nani alipima hewa?

2. Tangi la maji la kambi yenu linavuja? Pimeni kwa kijiti usiku mmoja, mpige hesabu ya lita kwa siku.

3. Mwenzako ameanguka ndani ya tangi. Wewe ni mlinzi wa mlango. Eleza utafanya nini, hatua kwa hatua, na eleza usilolifanya.

4. Msimamizi anasema, "Ingia, mimi nimeingia mara mia." Utamjibu nini kwa heshima, na utamwarifu nani?

5. Nani katika kikundi chenu ataweka daftari?

Kijana wetu wa kuchomelea bado yu hai. Leo ndiye fundi mkubwa, na yeye ndiye anayewakamata vijana shati. Kila mmoja wetu na awe serahangi wa mwenzake.

Umoja ni nguvu.